Picha na Masahihisho Yake

Mwanadamu hupita duniani kama kivuli kipitavyo ukutani, lakini hapendi kupita bila ya kuacha alama. Watu wa kale walichonga sura zao katika mawe. Wengine walizichora kwa rangi. Na wengi zaidi, ambao hawakuwa na mchongaji wala mchoraji, waliacha majina yao tu katika vinywa vya watoto wao. Katika zama zetu kazi ya kuhifadhi sura imepewa picha. Picha ni shahidi mdogo wa karatasi, au wa kioo cha simu, asemaye: mtu huyu alikuwapo, na hivi ndivyo alivyokuwa. Lakini shahidi huyu ana tabia moja ambayo wengi hawaijui. Tangu utoto wake amekuwa akisahihishwa. Nataka kueleza katika insha hii jinsi sanaa ya kusahihisha picha ilivyozaliwa, jinsi ilivyofika kwetu, jinsi ilivyotoka katika mikono ya mafundi wachache ikaingia katika kila nyumba, na wajibu uliofuatana nayo.

Nianze karibu. Mji wa Webuye, katika Kaunti ya Bungoma, umekaa penye njia ya watu wengi. Reli iendayo Malaba na Uganda hupita hapo, na barabara iendayo Kitale huanzia hapo. Zamani mji huu uliitwa Broderick Falls, kwa sababu ya maporomoko ya Mto Nzoia, ambayo wenyeji huyaita Nabuyole. Juu ya mji kuna ukingo wa Chetambe, ambapo mwaka 1895 Wabukusu walipigana na jeshi la Waingereza na kushindwa kwa hasara kubwa. Wengi waliofia pale sura zao hatuzijui. Tumeachiwa masimulizi ya wazee, na masimulizi ni hazina, lakini hayana macho wala paji la uso. Kipande cha enzi ya ukoloni, ambacho wanaume walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kilibeba jina na alama za vidole. Baadaye kitambulisho cha taifa kikabeba na sura. Hivyo mzee wa kijijini ambaye hakuwahi kuingia studio kwa furaha yake aliingia kwa amri ya sheria.

Tazama matokeo yake. Katika matanga ya nchi hii leo, picha ya marehemu hutangulizwa mbele ya jeneza, na huchapwa katika karatasi ya ratiba ya mazishi ili kila mwombolezaji aende nayo nyumbani. Mara nyingi kwa mzee au bibi picha ipatikanayo ni moja tu, nayo ni ile ndogo iliyopigwa kwa ajili ya kitambulisho, au iliyobandikwa katika kadi ya kazi au ya chama na kugongwa muhuri ukapita juu ya shavu. Picha hiyo imekunjwa, imefifia, imeliwa na unyevu. Watoto wanaitaka iwe kubwa, safi na yenye heshima, na wanaitaka kabla ya kesho. Kijana wa sekondari, kwa kuwa ana simu au anajua kompyuta, huitwa na kuambiwa, "Mwanangu, tutengenezee babu." Kijana yule, bila ya kujua, amekabidhiwa kazi yenye historia ndefu na ugumu mkubwa. Insha hii ni kwa ajili yake.

Picha ya kwanza ya kamera iliyodumu hata sasa ilipigwa na Mfaransa Joseph Nicéphore Niépce, karibu mwaka 1826 au 1827, kutoka dirisha la nyumba yake. Ilihitaji saa nyingi za jua, na ilionyesha mapaa na kuta tu. Mwenzake, Louis Daguerre, aliiendeleza kazi hiyo baada ya kifo cha Niépce, na tarehe 19 Agosti 1839 siri yake ilitangazwa hadharani mjini Paris. Picha ya Daguerre ilikuwa bamba la shaba lililopakwa fedha. Ilikuwa nzuri ajabu, lakini ilikuwa moja tu, haina nakala. Mwingereza William Henry Fox Talbot ndiye aliyepata njia nyingine, akaiwekea hataza mwaka 1841. Yeye alipata kwanza sura iliyogeuzwa, ambamo nyeupe ni nyeusi na nyeusi ni nyeupe, kisha kutokana na hiyo akatoa nakala nyingi. Sura ile iliyogeuzwa ndiyo negativu. Nakuomba msomaji ulishike neno hili, maana mlango wa masahihisho ulifunguliwa hapo. Bamba la Daguerre halikuruhusu mkono kuligusa bila ya kuliharibu. Bali negativu ilisimama katikati ya kamera na karatasi, na penye nafasi katikati ya vitu viwili, mkono wa mwanadamu hauchelewi kuingia.

Haukuchelewa. Mwaka 1855, katika maonyesho makuu ya Paris, mpiga picha wa Munich aitwaye Franz Hanfstaengl alionyesha negativu iliyosahihishwa pamoja na nakala zake za kabla na za baada ya masahihisho. Watu walistaajabu, kisha wakatamani. Kabla ya hapo mtu aliiogopa kamera kwa sababu ilisema kweli bila ya huruma, ikaonyesha kila kovu na kila kunyanzi. Baada ya hapo kila mwenye fedha alitaka atoke studio akiwa kijana zaidi kuliko alivyoingia.

Kazi ilifanywa hivi. Fundi aliweka negativu juu ya kioo cha meza iliyoinama, na chini yake aliweka kioo cha kujitazamia au karatasi nyeupe ili nuru ipande kutoka chini. Alipaka ulimbo mwembamba ili risasi ya kalamu ipate kushika. Kisha, kwa kalamu iliyochongwa ikawa kali kama sindano, alijaza mistari midogo midogo. Kunyanzi la uso, ambalo katika karatasi ni mstari mweusi, katika negativu ni mstari mwangavu. Fundi alipoutia risasi mstari ule, nuru haikupita tena kwa wingi, na katika karatasi kunyanzi likapungua au likatoweka. Alipotaka kutia giza mahali, alikwangua kwa kisu. Katika chumba cha giza nako, wakati wa kuchapa, alikinga nuru kwa kiganja au kwa kipande cha karatasi ili sehemu fulani ibaki nyeupe zaidi, au aliiachia nuru ikae zaidi mahali palipohitaji kukolea. Ilikuwa kazi ya saa nyingi, ya macho makali na mkono usiotetemeka. Waliosema kuwa haraka haraka haina baraka walisema kweli ambayo fundi wa negativu aliijua kuliko wote, maana kisu kikiteleza mara moja, uso wa mtu umekatika na hauponi.

Picha zilifika pwani yetu mapema. Kapteni Charles Guillain wa Ufaransa, aliyezuru pwani ya Afrika Mashariki kati ya mwaka 1846 na 1848, alikuja na vyombo vya Daguerre. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, Wagoa walikuwa na studio katika Mji Mkongwe wa Unguja. Majina ya A. C. Gomes na J. B. Coutinho yangali yanasomeka nyuma ya picha na kadi za posta za zama hizo. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika ukingo wa Ziwa Viktoria mwaka 1901, kamera zilifuata. Hata hivyo, kwa muda mrefu mpigaji alikuwa mgeni, na mpigwaji alikuwa mwenyeji ambaye hakuulizwa. Picha ilikwenda Ulaya, na mwenye sura hakuiona.

Hali hiyo ilibadilika studio zilipoenea mijini, na mwenyeji alipoanza kulipa kwa fedha yake na kuchagua nguo yake, kiti chake na mkao wake. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja. Mjini Mombasa, kuanzia miaka ya 1940, N. V. Parekh alipata sifa kwa picha za maarusi, familia na vijana waliojipamba. Katika studio za namna hiyo picha nyeusi na nyeupe iliweza kupakwa rangi kwa mkono: midomo ikatiwa wekundu, vito vikatiwa dhahabu, kanga ikarudishiwa maua yake. Filamu ya rangi ya Kodachrome ilikuwako tangu mwaka 1935, lakini ilikuwa ghali na ilihitaji kuoshwa kwa dawa na mitambo ambayo studio ndogo haikuwa nayo. Basi brashi ilifanya kazi ya kemia.

Kisiwani Lamu aliishi fundi mwingine anayestahili kutajwa katika kila historia ya sanaa hii, naye ni Omar Said Bakor, mwenye Bakor Studio. Yeye alikata, akaunganisha na kupiga picha upya, akawaweka watu mahali ambapo miguu yao haikufika na kando ya vitu ambavyo havikuwako chumbani. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na mkasi, gundi, kamera na fikira. Picha zake hazikumdanganya mtu, kwa kuwa kila aliyezitazama alijua kuwa ni mchezo wa mapenzi na wa ndoto. Vivyo hivyo katika miaka ya 1990 wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walitundika mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba marefu, na msafiri wa kutoka bara akapigwa picha akiwa kama mwenye safari ya mbali. Yeye alijua, mpigaji alijua, na ndugu aliyepelekewa picha alijua pia. Hapo pana somo: uongo si kubadili picha; uongo ni kubadili picha na kumnyima mtazamaji habari ya mabadiliko.

Somo hilo kwa upande wake mchungu lilifundishwa Urusi. Tarehe 5 Mei 1920 Lenin alipigwa picha akiwahutubia askari mjini Moscow, na kando ya jukwaa walisimama Trotsky na Kamenev. Trotsky alipokosana na wenye mamlaka, picha ikachapwa tena bila yao, na mahali pao pakabaki ngazi tupu za mbao. Nikolai Yezhov, aliyekuwa mkuu wa polisi wa siri, alipigwa picha akitembea kando ya Stalin penye mfereji wa maji. Yezhov aliuawa mwaka 1940, na katika picha iliyochapwa baadaye penye mwili wake palichorwa maji ya mfereji. Kalamu ile ile iliyoondoa kunyanzi la bibi arusi iliondoa watu katika historia. Chombo hakina dini. Dini ni ya mwenye chombo.

Sasa tuje katika mageuzi makubwa. Mwaka 1957, huko Marekani, Russell Kirsch na wenzake walitengeneza mtambo wa kuisomesha kompyuta picha. Picha waliyoisoma ilikuwa ya mtoto mchanga wa Kirsch mwenyewe. Iligawanywa katika vyumba vidogo 176 kwa 176, yaani karibu vyumba 31,000, na kila chumba kikaandikwa kuwa ni cheusi au cheupe. Kwa tendo hilo sura ya mtoto iligeuka kuwa orodha ya tarakimu. Vyumba vile twaviita pikseli. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak, aliunda kamera iliyoandika picha kwa tarakimu badala ya filamu. Ilihitaji sekunde 23 kuandika picha moja katika kanda ya kaseti. Kodak ndiyo iliyokuwa imeuza kamera rahisi kwa watu wa nyumbani tangu mwaka 1888, na mwaka 1900 iliuza kamera ya Brownie kwa dola moja tu. Lakini ilikuwa imetajirika kwa filamu, na ni vigumu kwa mwenye shamba kuupenda wadudu, hata wakiwa ni nyuki. Mwezi Januari 2012 kampuni hiyo kongwe iliomba hifadhi ya sheria ya waliofilisika.

Mwaka 1987 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, Thomas Knoll, aliandika programu ya kuonyesha picha katika kompyuta yake. Ndugu yake, John Knoll, aliyekuwa akifanya kazi ya sinema, aliona faida yake, wakaiendeleza pamoja. Picha waliyoitumia kuonyeshea watu uwezo wa programu ilikuwa ya mwanamke aliyeketi ufukweni Bora Bora, ambaye baadaye alikuwa mke wa John. Kampuni ya Adobe ikanunua ruhusa ya kuiuza, na tarehe 19 Februari 1990 Photoshop ikatoka. Zingatia, msomaji, kwamba Kirsch alianza na mwanawe, na Knoll alianza na mpenzi wake. Mtambo ulikuwa wa maabara, lakini sura ya kwanza ilitoka nyumbani.

Tena wavumbuzi hawa hawakukiua chumba cha giza, walikihamisha. Katika programu hizo mpaka leo mna chombo chenye alama ya kikinga nuru kilichoshikwa kijitini, na kingine chenye alama ya kiganja kilichokunjwa. Vyote viwili ni kumbukumbu ya fundi aliyesimama gizani akikinga na kuachia nuru. Mwaka 1994 Photoshop iliongezewa tabaka, ambazo ni kama vioo visafi vilivyopangwa kimoja juu ya kingine: waweza kupaka rangi juu ya kioo cha pili bila ya kuigusa picha iliyo chini. Hapo ndipo kisu kilipoacha kuogopwa, maana kosa la kompyuta hutanguliwa kwa kidole kimoja.

Lakini programu ile ilikuwa ghali, haikuwa ya nyumba ya mtu wa kawaida. Mlango wa nyumba ulifunguliwa na wanafunzi wengine wawili, Spencer Kimball na Peter Mattis wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, walioanza mwaka 1995 kuandika programu ya GIMP na kuitoa mwaka 1996 kwa watu wote bila ya malipo. Mwaka 2001 Adobe nayo ilitoa Photoshop Elements, iliyopunguzwa bei na ugumu kwa ajili ya watu wa nyumbani. Kisha simu ikawa kamera na chumba cha giza kwa pamoja. Snapseed, iliyotoka mwaka 2011 na kununuliwa na Google mwaka uliofuata, hutolewa bure.

Kwa watu wa Webuye mageuzi haya yana sura ya pekee. Mji huu ulikua kwa karatasi. Kiwanda cha Pan African Paper Mills, kilichoanza kazi mwaka 1974, kiligeuza miti kuwa karatasi za magazeti na za kuandikia, na mji ukaishi kwa ving'ora vyake. Mapema mwaka 2009 kiwanda kikafungwa. Katika mwaka huo huo nyaya kuu za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na intaneti ya kasi ikaanza kupanda bara. Sisemi kwamba jambo moja lilisababisha jingine. Shida za kiwanda zilikuwa na sababu zake. Nasema tu kwamba katika mwaka mmoja mji uliona karatasi ikiondoka na tarakimu zikiingia. Kiwanda kilipata mwenye kukinunua mwaka 2016, lakini picha hazikurudi tena katika karatasi kama zamani. Sasa nyingi huishi na kufa ndani ya simu, na simu ikiibiwa, ukoo mzima huibiwa sura zake.

Turudi sasa kwa yule kijana aliyekabidhiwa picha ya babu. Afanye nini? Kwanza asiiguse picha yenyewe kwa kalamu wala kwa maji. Aitoe nakala kwa skana, nayo iwe kubwa ya kutosha. Picha ya kitambulisho yenye upana wa milimita 35 na urefu wa milimita 45, ikisomwa kwa vitone 600 kwa kila inchi na kuchapwa kwa vitone 300, itatoka mara mbili kwa upana na kwa urefu, yaani milimita 70 kwa 90. Ikisomwa kwa vitone 1,200 itatoka mara nne, yaani milimita 140 kwa 180, nayo yatosha kwa fremu ya mezani. Zaidi ya hapo mashine hukuza ukungu tu, maana picha haiwezi kutoa kilichomo zaidi ya kilichomo. Asiye na skana na aiweke picha kivulini karibu na dirisha, aisimamishe simu sawa juu yake bila ya kuiinamisha, na azime taa ya simu ili isimeremete.

Pili, nakala ya kwanza aihifadhi wala asiibadili kamwe, na kazi yote aifanye katika nakala ya pili. Hii ndiyo sheria kuu ya sanaa yote. Nakala ya kwanza ni shamba. Nakala za baadaye ni mavuno. Na ajue kwamba picha ihifadhiwayo kwa namna ya JPEG hupoteza habari kidogo kila ikifunguliwa, ikabadilishwa na kuhifadhiwa upya. Basi wakati wa kazi na atumie namna isiyopoteza, kama vile PNG, au namna ya programu yenyewe ihifadhiyo tabaka.

Tatu, aende kwa utaratibu. Ainyooshe picha ikiwa imepinda, na apunguze kingo zisizohitajika. Kisha arekebishe nuru. Katika kompyuta weusi kamili huandikwa 0 na weupe kamili huandikwa 255. Picha iliyofifia haina sifuri wala 255. Tarakimu zake zote zimejikunyata katikati kama watu wenye baridi. Kazi ya kijana ni kuzitandaza tena, mpaka nywele ziwe nyeusi na kola ya shati iwe nyeupe. Mara nyingi tendo hili moja tu humrudisha babu kutoka katika ukungu. Baadaye aondoe umanjano wa uzee, ikiwa autaka uondoke. Kisha ndipo aingie katika mikunjo na madoa, kwa chombo kinachonakili ngozi iliyo karibu na kuifunika doa. Na afanye hivyo kwa brashi ndogo, kidogo kidogo, juu ya tabaka jipya. Mwisho kabisa ndipo aongeze ukali wa mistari, tena kwa kiasi.

Hapo ndipo atakapofika penye muhuri uliopita shavuni, na hapo ndipo sanaa hugeuka kuwa amana. Chini ya wino ule lilikuwako shavu ambalo kamera ililiona lakini sisi hatulioni tena. Kijana hana budi kulijaza, na atalijaza kutoka wapi? Akichukua ngozi ya kando yake, amekisia, lakini amekisia kwa kutumia uso wa babu mwenyewe. Akiona kovu dogo nje ya wino, na aulize watu wa nyumbani kabla ya kulifuta, maana kuuliza si ujinga. Huenda likawa doa la karatasi. Huenda likawa alama ambayo bibi alimtambulia mumewe. Doa ni la karatasi, kovu ni la mtu. Asahihishaye aondoe lililo la karatasi, na aliache lililo la mtu.

Siku hizi umekuja msaidizi mwingine, naye ni mtambo wa akili bandia. Umpe picha iliyofifia, naye katika sekunde chache hukurudishia uso safi, wenye macho maangavu na kope zilizohesabika. Furaha huwa kubwa, mpaka bibi anapoletewa picha, akaitazama kwa muda, akasema, "Huyu ni mtu mzuri, lakini simjui." Mtambo haukumkumbuka babu, maana haukumwona kamwe. Umetunga jicho kutokana na macho ya maelfu ya watu wengine, ukaliweka mahali pa jicho lake. Kama picha hiyo ndiyo itakayotundikwa ukutani, na ile ndogo iliyokunjwa ikatupwa, basi wajukuu watamlilia mtu ambaye hakuzaliwa. Yezhov aliondolewa na adui zake. Babu ataondolewa na wampendao. Sijui ni lipi lililo zito zaidi kati ya mambo hayo mawili.

Sisemi kijana aikatae mitambo hii. Fundi wa Lamu aliunganisha picha, na tunamsifu. Ndugu waliotawanyika kati ya Kitale, Nairobi na ughaibuni waweza kutaka wasimame pamoja katika picha moja ambayo haikupigwa kamwe, na kuwafanyia hivyo ni huruma. Lakini nyuma ya picha, au chini yake, na yaandikwe maneno machache: imeunganishwa mwaka fulani kutokana na picha mbili. Maneno hayo hayapunguzi upendo, nayo huiokoa kweli. Asiyeyaandika, hasa akiwa ametunga picha ili kumchafua mtu au kuwadanganya watu, na ajue kwamba katika Kenya sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 iliweka adhabu kwa watangazao habari za uongo kwa kukusudia.

Msomaji, kwa muda wa miaka zaidi ya mia moja kusahihisha picha kulikuwa siri ya watu wachache waliofungiwa gizani, na kosa lao lilikuwa lao. Leo siri hiyo imo mfukoni mwako. Kila mtu amekuwa fundi, na kwa hiyo kila mtu amekuwa mtunza kumbukumbu za nyumba yake. Jifunze sanaa hii kwa bidii, kwani ni sanaa njema. Huvifufua vilivyofifia na huwapa waliokufa heshima ya kuonekana. Anza na picha moja iliyo katika sanduku la nyumbani kwenu. Uliza ni ya nani, ilipigwa wapi, na mwaka gani, uandike majibu yote wakati wazee wangali hai wa kuyatoa. Kisha isafishe kwa mkono mwepesi. Na ile ya kwanza, yenye mikunjo na muhuri wake, irudishe sandukuni ilikotoka, kwa kuwa siku moja atakuja mtoto atakayetaka kujua, si jinsi tulivyopenda babu awe, bali jinsi alivyokuwa.